Skripti kama Sehemu ya Uchambuzi: Ubadilishanaji wa Data kati ya ELAN na Praat katika Utafiti wa Sauti za Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna data za sauti zinavyohamishwa kwa skripti kati ya ELAN na Praat, programu mbili za kompyuta zinazotumiwa sana katika isimu nyanjani na fonetiki. Kwa kurejelea vitenzi vya Kiswahili vyenye mofimu nyingi, king'ong'o kinachoandikwa ng', na konsonanti zenye mpumuo za Kimvita, makala yanaonesha mahali ambapo data hubadilika njiani bila mtafiti kuarifiwa. Hoja kuu ni kwamba uamuzi unaoandikwa ndani ya skripti ni uamuzi wa kiisimu. Kwa sababu hiyo, skripti ni sehemu ya uchambuzi na inastahili kuhifadhiwa, kukaguliwa na kuwasilishwa pamoja na matokeo.

Istilahi za msingi: skripti, anotesheni, fonetiki, ritifaa, Kimvita

1.0 Utangulizi

Kopasi za matini, kama ile ya Kiswahili ya Helsinki, zimewawezesha wanaisimu kuchunguza msamiati na sarufi kwa mapana ambayo hayakuwezekana zamani. Hata hivyo, yapo maswali ambayo matini peke yake hayawezi kuyajibu. Urefu wa irabu katika silabi yenye mkazo, tofauti ya konsonanti zenye mpumuo na zisizo nao, na ubora wa irabu tano kutoka lahaja moja hadi nyingine ni masuala yanayohitaji sauti iliyorekodiwa, kunukuliwa na kupimwa.

Kazi hiyo aghalabu haikamiliki ndani ya programu moja. Mtafiti hunukuu na kutafsiri mazungumzo katika ELAN, iliyotengenezwa na Taasisi ya Max Planck ya Isimunafsia mjini Nijmegen, Uholanzi. Hupima sauti katika Praat, iliyoundwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam. Kisha hupeleka vipimo katika programu ya takwimu kama vile R. Rekodi ikiwa ya dakika chache, mtafiti anaweza kuhamisha data kwa mkono. Ikiwa ya saa kadhaa na ina maelfu ya maneno, hulazimika kutumia skripti, yaani orodha ya amri zilizoandikwa mapema ili kompyuta izitekeleze kwa mfuatano.

Katika tasnifu nyingi hatua hii hutajwa kwa sentensi moja: data zilihamishiwa katika Praat na kupimwa. Makala haya yanachunguza kinachofichwa na sentensi hiyo.

2.0 Programu mbili, mitazamo miwili ya usemi

Kila moja ya programu hizi imejengwa juu ya mtazamo wake kuhusu usemi. Katika ELAN, anotesheni hupangwa katika matabaka yenye uhusiano wa mzazi na mtoto. Tabaka la sentensi linaweza kuzaa tabaka la maneno, nalo likazaa tabaka la mofimu, na kila mofimu ikapewa maana yake katika tabaka jingine. Si lazima kila tabaka liwe na mipaka yake ya wakati. Mofimu inaweza kutegemea neno, na neno ndilo likafungamana na sauti. Isitoshe, kila tabaka huweza kubeba taarifa za ziada, mathalani msemaji ni nani na ni nani aliyenukuu.

Katika Praat, anotesheni huhifadhiwa katika faili la aina ya TextGrid. Humo matabaka yote yako sambamba. Hakuna mzazi wala mtoto. Tabaka la vipande hugawanywa kuanzia mwanzo wa rekodi hadi mwisho wake pasipo kuacha pengo, na kila kipande huwa na wakati wa kuanza, wakati wa kuisha, na lebo. Sehemu ambayo katika ELAN haikuwa na anotesheni yoyote hugeuka kuwa kipande chenye lebo tupu. Hapo tofauti ya mambo mawili hupotea: kimya cha msemaji, na maneno yaliyosemwa ambayo mtafiti aliyaacha bila kuyanukuu kwa kuwa hayakusikika vizuri. Ili kuhifadhi tofauti hiyo, sharti yale yasiyosikika yapewe alama maalumu tangu mwanzo, kwa mfano "xxx".

Kwa hiyo, kuhamisha data kutoka ELAN kwenda Praat hakulingani na kuhamisha kitabu kutoka rafu moja hadi nyingine. Kunakaribiana zaidi na kufasiri. Muundo wenye ngazi huelezwa upya kwa lugha isiyo na ngazi, na pale lugha pokezi inapokosa namna ya kusema jambo, ama jambo hilo huachwa ama hutungiwa kitu cha kuliwakilisha.

3.0 Njia za mawasiliano

Zipo njia kuu mbili za kuziunganisha programu hizi. Ya kwanza ni kubadilishana mafaili. ELAN huandika faili la TextGrid, Praat hulisoma, skripti hupima na kuandika jedwali la matini, na jedwali hilo husomwa na programu ya takwimu. Kila hatua huacha faili linaloweza kufunguliwa na kukaguliwa.

Njia ya pili ni programu moja kuiamuru nyingine papo hapo. Praat ina chombo kiitwacho sendpraat ambacho hupeleka amri kwa Praat iliyokwisha kufunguliwa. Kwa njia ya namna hii, mtumiaji wa ELAN anaweza kuteua kipande cha sauti na kuagiza kifunguliwe katika Praat ili akione katika spektrogramu. Praat pia huweza kuendeshwa bila kufungua madirisha yake, kwa kuitwa kwa kigezo --run kikifuatiwa na jina la skripti. Njia hiyo hufaa pale programu nyingine inapotaka kuiachia Praat kazi ya upimaji na kuyapokea matokeo.

Njia ya pili ni ya haraka na huwafaa wanaokagua neno mojamoja. Hata hivyo, amri ikishatekelezwa haiachi kumbukumbu, isipokuwa imeagizwa kuiacha. Kwa utafiti utakaochapishwa, njia ya mafaili ni salama zaidi kwa kuwa msomaji mwingine anaweza kuirudia hatua kwa hatua.

Ipo pia sababu ya kiothografia ya kutoyaingiza maneno ya Kiswahili ndani ya amri zenyewe. Katika skripti za Praat, jina la kigeu likiwekwa kati ya ritifaa mbili hubadilishwa na thamani ya kigeu hicho. Neno ng'ong'o lina ritifaa mbili, na kati yake mna herufi tatu: ong. Ikitokea kwamba skripti ina kigeu chenye jina hilo, neno litaharibika. Uwezekano wake ni mdogo, lakini hutoweka kabisa iwapo maneno yatabaki katika faili la data na skripti ikayasoma kutoka humo.

4.0 Kinachobadilika njiani

4.1 Mipaka ambayo hakuna aliyeiweka

Kiswahili ni lugha ambishi bainishi, na mtafiti anayechanganua vitenzi katika ELAN hugawanya neno katika mofimu. Chukua kitenzi hawakutuandikia. Kina mofimu saba: ha-, wa-, ku-, tu-, -andik-, -i- na -a. Katika ELAN, mgawanyo huo mara nyingi hufanywa kwa utaratibu wa kiishara. Mofimu hufuatana ndani ya neno, lakini hazina wakati wake zenyewe. Kwa ajili ya kuzionesha tu, programu hugawa muda wa neno kwa usawa.

TextGrid haina namna ya kuandika kipande kisicho na wakati. Tabaka hilo likihamishwa, kila mofimu hupewa mwanzo na mwisho uliokokotolewa. Ikiwa neno lilichukua milisekunde 700, kila mofimu itaonekana kuwa na milisekunde 100: kiambishi ha- kitalingana na mzizi -andik-, na mzizi huo utalingana na kiishio -a. Skripti ikiagizwa kupima urefu wa viambishi vya njeo, itapima na kutoa wastani hadi desimali ya tatu. Jedwali litapendeza, lakini hakuna mtu aliyewahi kuisikiliza mipaka hiyo.

Kosa hili ni gumu kutambuliwa kwa sababu mipaka ya kukokotolewa na mipaka iliyowekwa kwa sikio hufanana kabisa ndani ya faili. Tahadhari ni kuhamisha matabaka yaliyofungamana na sauti tu, na kuyaacha ya mofimu. Mofimu zikihitajika katika upimaji, basi mipaka yake iwekwe upya katika Praat na mtu anayesikiliza na kutazama spektrogramu.

4.2 Ritifaa

Katika othografia ya Kiswahili, ritifaa si alama ya uakifishaji. Ni sehemu ya herufi: ndiyo inayotofautisha nazali ya ng'ombe na mfuatano wa nazali na kipasuo katika ngoma. Kwa wanaochunguza Kimvita, dhima yake huongezeka. Lahaja hiyo hutofautisha paa la nyumba na p'aa mnyama, kaa la moto na k'aa wa baharini, tembo la mnazi na t'embo wa porini. Othografia sanifu haioneshi mpumuo huo, hivyo mtafiti huongeza alama yake mwenyewe, ambayo mara nyingi ni ritifaa.

Kompyuta huitambua ritifaa iliyonyooka na ritifaa iliyopinda kuwa herufi mbili tofauti. Programu za kuandikia matini huweza kuibadilisha ya kwanza kuwa ya pili bila kuagizwa. Wanukuzi wawili wakitumia kompyuta mbili, neno moja linaweza kuandikwa kwa namna mbili zinazofanana machoni, na skripti ikayahesabu kuwa maneno mawili. Matokeo mengine hulikumba faili zima. Kwa mpangilio wake wa kawaida, Praat huandika faili la matini kwa usimbaji wa ASCII iwapo herufi zote zinaruhusu. La sivyo, hutumia UTF-16. Ritifaa iliyonyooka imo katika ASCII, iliyopinda haimo. Hivyo ritifaa moja iliyopinda, katika neno moja kati ya maelfu, hubadilisha usimbaji wa faili lote, na programu inayofuata ikitarajia usimbaji mwingine italisoma visivyo au italikataa.

Hatari kubwa zaidi hutokana na kile kinachoitwa usafishaji wa data. Kwa kuwa ritifaa huleta usumbufu, mwandishi wa skripti anaweza kuamua kuziondoa zote. Kwa amri moja, ng'oa huwa ngoa na p'aa huwa paa. Kisha skripti hupanga maneno kwa lebo, hupima mpumuo, na kutoa wastani mmoja wa p na p'. Mtafiti akilinganisha wazee na vijana kwa data za namna hiyo, ataona kwamba upambanuzi haupo katika kundi lolote, na huenda akaandika kwamba Kimvita kimeupoteza. Kilichoupoteza ni amri, si vinywa vya wasemaji.

Hata pasipo kuziondoa, mpangilio wa masharti una athari. Skripti inayouliza kama neno linaanza na "ng" itajibiwa ndiyo kwa ngoma na pia kwa ng'ombe. Sharti mahususi halina budi kutangulia sharti la jumla. Mfuatano huu, ambao mwanaprogramu anaweza kuuona kuwa jambo dogo, kwa hakika ni kauli kuhusu fonolojia: kwamba ng' ni fonimu inayojitegemea.

4.3 Msemaji na kikomo cha fomanti

Ubora wa irabu hupimwa kwa fomanti. Ili kuzipata, Praat huhitaji kuelezwa idadi ya fomanti za kutafutwa na kikomo cha juu cha masafa. Mwongozo wake unapendekeza fomanti tano, na kikomo cha takribani hezi 5500 kwa sauti ya mwanamke mtu mzima na hezi 5000 kwa mwanamume, kwa kuwa njia ya sauti ya mwanamume kwa kawaida ni ndefu zaidi. Kikomo kisichofaa huweza kuzifanya fomanti mbili zilizokaribiana, kama zile za irabu za nyuma /u/ na /o/, zihesabiwe kuwa moja, au kuzua fomanti isiyokuwepo.

Katika ELAN, jina la msemaji ni sifa ya tabaka. TextGrid huhifadhi jina la tabaka tu, na sifa hiyo hupotea. Skripti inapolifikia faili haijui ni sauti ya nani, hivyo hutumia kikomo kimoja kwa wote. Tofauti inayoonekana baadaye kati ya irabu za wanawake na za wanaume inaweza kuwa imetokana, kwa sehemu, na mpangilio wa kifaa. Suluhisho ni jepesi: msimbo wa msemaji uwekwe ndani ya jina la tabaka, kwa mfano neno@MV03, na skripti isome jina hilo kisha itafute kikomo chake katika orodha ya wasemaji.

4.4 Wakati

ELAN huhifadhi wakati kwa milisekunde kamili, ilhali Praat huuhifadhi kwa sekunde zenye desimali nyingi. Mpaka uliosahihishwa katika Praat ukirudishwa ELAN hukadiriwa hadi milisekunde iliyo karibu. Kwa rekodi yenye sampuli 44,100 kwa sekunde, milisekunde moja ni sawa na takribani sampuli 44. Kwa urefu wa irabu, tofauti hiyo haina uzito. Lakini mtafiti aliyeweka mipaka kwa uangalifu pale wimbi linapokatiza sifuri ataikuta imesogea. Kwa hiyo, vipimo vyote vifanywe kabla ya kurudi ELAN, si baada yake.

5.0 Kuandika na kuhifadhi skripti

Mfano ufuatao unaonesha skripti fupi ya Praat inayosoma tabaka la maneno, kusawazisha ritifaa bila kuziondoa, kuyapanga maneno katika makundi, na kuandika jedwali:

Read from file: "MV03.TextGrid"
tabaka$ = Get tier name: 1
n = Get number of intervals: 1
writeFileLine: "MV03.txt", "tabaka", tab$, "neno", tab$, "mwanzo", tab$, "mwisho", tab$, "kundi"
for i to n
    neno$ = Get label of interval: 1, i
    neno$ = replace$ (neno$, "’", "'", 0)
    if neno$ <> "" and neno$ <> "xxx"
        mwanzo = Get start time of interval: 1, i
        mwisho = Get end time of interval: 1, i
        kundi$ = "nyingine"
        if startsWith (neno$, "ng'")
            kundi$ = "nazali"
        elsif startsWith (neno$, "ng")
            kundi$ = "nazali na kipasuo"
        elsif startsWith (neno$, "p'")
            kundi$ = "kipasuo chenye mpumuo"
        elsif startsWith (neno$, "p")
            kundi$ = "kipasuo bila mpumuo"
        endif
        appendFileLine: "MV03.txt", tabaka$, tab$, neno$, tab$, mwanzo, tab$, mwisho, tab$, kundi$
    endif
endfor

Mambo manne yanafaa kuzingatiwa hapa. Kwanza, jina la tabaka limesomwa na kuandikwa katika kila mstari, hivyo msemaji hapotei. Pili, ritifaa iliyopinda imegeuzwa kuwa iliyonyooka, na hakuna iliyofutwa. Tatu, "ng'" imetangulia "ng", na "p'" imetangulia "p". Nne, safuwima zimetenganishwa kwa alama ya tabo badala ya mkato, kwa kuwa mkato huweza kutokea ndani ya anotesheni na kuivunja mistari ya jedwali. Kila moja ya hatua hizi ni uamuzi, na kila uamuzi unaonekana. Mkaguzi asiyekubali kwamba "xxx" iondolewe katika hesabu anajua ni mstari upi wa kupinga.

Kuhusu safari ya kurudi, kanuni inayosaidia ni kwamba kila taarifa iwe na makao mamoja. TextGrid ikiingizwa ELAN, matabaka yake huja yakiwa huru, bila uhusiano wa mzazi na mtoto. Ikiwa faili la ELAN ndilo makao ya unukuzi na tafsiri, lisiandikwe upya kwa TextGrid iliyotoka Praat. Tabaka lililosahihishwa tu ndilo liongezwe. Pasipo kanuni hii, mradi hujikuta na matoleo mawili ya data yanayotofautiana, na hakuna awezaye kusema lipi lilizaa jedwali lililochapishwa.

Kabla ya kuitumia skripti kwa rekodi zote, inafaa ijaribiwe kwa faili dogo ambalo majibu yake yamekwisha kupatikana kwa mkono: maneno ishirini, yakiwemo ya ng', ya mpumuo, na angalau sehemu moja isiyosikika. Idadi ya maneno katika ELAN ilinganishwe na idadi ya mistari ya jedwali. Tofauti yoyote ielezwe kabla ya kuendelea.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba data za sauti zinapopita kutoka ELAN kwenda Praat, ngazi za anotesheni hutandazwa, mofimu hupewa mipaka ya kukokotolewa, sifa za msemaji huachwa, na ritifaa, ambayo katika Kiswahili ni sehemu ya herufi, huwa katika hatari ya kubadilishwa au kufutwa. Hakuna lolote kati ya haya linaloletwa na ubovu wa programu. Yote hutokana na kukutana kwa mitazamo miwili ya usemi, na skripti ndiyo mahali ambapo mtafiti huamua namna ya kuipatanisha.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika fonetiki ya kompyuta, skripti ndilo daftari. Tasnifu inayowasilisha wastani wa vipimo bila amri zilizouzaa humtaka msomaji aamini asichoweza kukikagua, hata pale rekodi zinapopatikana. Wasimamizi na wahakiki wana wajibu wa kudai skripti iambatishwe kama wanavyodai hojaji, na wanafunzi wafundishwe kuisoma kama wanavyofundishwa kusoma spektrogramu. Swali la kama kijana wa Mombasa bado anatofautisha paa na p'aa ni swali zito kuhusu uhai wa lahaja. Jibu lake litoke kwa msemaji, lisiamuliwe na mstari mmoja wa amri ambao hakuna aliyeusoma.